Mfahamu Bernard Spilsbury, daktari wa maiti ambaye neno lake lilitosha kukupeleka kitanzini

Hebu fikiria hivi: umeshtakiwa kwa mauaji, hakuna mtu aliyekuona, na maisha yako yako mikononi mwa jamaa mmoja tu aliyepasua maiti. Akisema uliua, umeisha. London ya miaka ya 1910 hadi 1940, jamaa huyo alikuwa Sir Bernard Spilsbury.

Alizaliwa Leamington Spa, Uingereza, mwaka wa 1877. Alisomea udaktari, lakini wenzake wakikimbilia wagonjwa, yeye akachagua wafu.

Jina lake lilivuma 1910. Daktari mmoja Mmarekani, Hawley Crippen, alidai mkewe Cora, msanii wa jukwaani, ameenda Marekani na kufia huko. Makarao walipochimba chini ya nyumba yake London wakapata vipande vya nyama. Hakuna kichwa, hakuna mikono, hakuna hata mfupa. Crippen naye alikuwa amehepa kwa meli na dem wake aliyevalishwa kama kijana wa kiume! Kapteni akawashtukia, akatuma ujumbe kwa redio, wakamangwa Kanada.

Sasa, utajuaje nyama hiyo ni ya Cora? Spilsbury alileta darubini kortini, akasema kipande kimoja cha ngozi kina kovu la operesheni, na Cora alikuwa amefanyiwa operesheni. Madaktari wa upande wa pili walisema ni mkunjo tu wa ngozi. Nani aliaminiwa? Crippen alinyongwa Novemba 1910.

1915 ikaja kesi ya George Joseph Smith. Huyu msee wake watatu walikufa maji wakioga bafuni, na kila mmoja akamwachia doh. Shida ni kwamba hakukuwa na dalili za kupigana. Spilsbury akasema mtu akivutwa miguu ghafla, kichwa kinazama na anazimia papo hapo. Inspekta Neil akajaribu na mwogeleaji wa kike, naye kweli akazimia, ikabidi daktari amrudishe fahamu. Smith akanyongwa.

Na ukiona sanse amevaa glavu kwenye eneo la mauaji, mkumbuke huyu mzee. 1924 alishangaa kuona polisi wakiokota nyama ya maiti iliyooza kwa mikono mitupu. Hapo ndipo ukatengenezwa mkoba maalum wa wapelelezi, wenye glavu, vibanio na mifuko ya ushahidi.

Lakini sifa ni noma. Alipewa cheo cha Sir 1923, na watu wakaanza kumwona kama hawezi kukosea. 1925 mfugaji kuku, Norman Thorne, alisema mpenzi wake alijinyonga. Madaktari wengine walisema kuna alama za kamba shingoni. Spilsbury akakataa. Wananchi waliokaa kuamua kesi hawakuchukua hata saa nzima. Thorne akanyongwa, na hadi mwandishi Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes, akasema hakuridhika na ushahidi.

Mzee alipenda kufanya kazi peke yake, na hapo ndipo hatari ilipo: nani angemwambia amekosea? Mwisho wake unauma. Mwanawe Peter aliuawa na mabomu ya Wajerumani 1940, Alan akafa na kifua kikuu 1945. Afya yake ikadorora, na Desemba 1947 alijitoa uhai ndani ya maabara yake London.

Stori haikuishia hapo. 2007 wanasayansi wa Marekani walipima DNA ya ile ngozi ya kesi ya Crippen, wakalinganisha na ya watu wa ukoo wa Cora. Jibu lao? Si yake, na baadaye wakasema hata ni ya mwanamume. Wengine wanapinga vipimo hivyo, kwa hivyo mjadala bado moto.

Crippen, awe aliua au hakuua, harudi. Kwa hivyo siku ukisikia mtaalamu mmoja ameongea na kesi imekwisha, jiulize: kuna mwingine aliyeangalia?