Habari za Frank Weston, Askofu wa Unguja, na Wachukuzi wa Vita Kuu

Mtu aingiaye Kariakoo leo hukuta biashara ya kila namna, wala hapati nafasi ya kufikiri jina la mahali pale limetoka wapi. Halikutoka katika bidhaa. Wadachi, yaani Wajerumani waliotawala nchi hii zamani, walijenga jumba la soko pale kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Na Waingereza walipoutwaa mji katika mwaka wa 1916 wakapafanya kambi ya wachukuzi wa jeshi, ambao kwa Kiingereza waliitwa Carrier Corps. Ulimi wa watu wa mji ukalipokea neno lile na kulifanya Kariakoo. Basi twapenda kuwasimulia Wakristo wenzetu, na walimu hasa, habari za Askofu mmoja aliyefika katika mji huu kwa miguu pamoja na watu wa namna ile. Huyo ndiye Frank Weston, Askofu wa Unguja, ambaye dayosisi yake siku zile ilikuwa ya visiwani na ya bara pia.

Alizaliwa London tarehe 13 Septemba, 1871. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa majani ya chai, akafariki Frank akingali mtoto. Alisoma katika skuli ya Dulwich, kisha Oxford, na huko akashinda mtihani wa elimu ya dini kwa daraja ya kwanza. Kijana mwenye elimu kama hiyo angeweza kupata cheo chema na nyumba nzuri katika nchi yake. Yeye akaenda kwanza Stratford, upande wa mashariki wa London, kuwatumikia maskini. Na katika mwaka wa 1898 akavuka bahari akaja Unguja kuingia katika kazi ya Misioni ya U.M.C.A.

Unguja aliyoikuta ilikuwa imetangaziwa sheria ya kuvunja utumwa mwaka mmoja tu kabla yake, yaani 1897. Kanisa kuu la Mkunazini lilikuwa limejengwa juu ya kiwanja cha soko la watumwa, soko lililofungwa katika mwaka wa 1873. Jambo hili tusilipite upesi. Kila aliposimama mbele ya altare ile, Padre Weston alikuwa amesimama mahali ambapo mtu alitazamwa meno, akapimwa nguvu, akatajiwa bei kama atajiwavyo mbuzi. Ukitaka kujua kwa nini baadaye alikuwa mkali hata rafiki zake wakaona haya, mwanzo wake twadhani ni pale.

Kazi yake ilikuwa kufundisha. Alikuwa mkuu wa Kiungani, chuo walikotoka walimu na mapadre wengi wa pwani hii, akaongeza bidii ya kuwatengeneza vijana wa Kiafrika kwa kazi ya upadre, maana hakukubali kwamba Kanisa la Afrika liwe mali ya wageni milele. Tarehe 18 Oktoba, 1908, akawekwa kuwa Askofu huko Southwark, London. Katika mwaka wa 1911 akaanzisha shirika la masista wa Mateso Matakatifu, ambao kazi yao imejulikana sana katika nchi yetu. Mashindano yake ya mwaka wa 1913 juu ya mkutano wa Kikuyu, alipowashitaki maaskofu wawili kwa Askofu Mkuu wao, yamekwisha kuandikwa sana na wengine, nasi hatuna haja nayo hapa. Yatosha kusema kwamba hakuwa mtu wa kunyamaza, wala hakuwa mwepesi wa kukaa naye.

Hata vita ikaja. Kwa miaka miwili Askofu alikatwa na watu wake wa bara, kwa kuwa bara ilikuwa ya Wadachi, na wamisionari Waingereza waliokuwa huko walifungwa. Wakati huo majeshi yote mawili yalikuwa yakila watu kama moto ulavyo nyasi. Magari hayakufaa katika nchi isiyo na barabara, na punda na farasi walikufa kwa ndorobo. Basi kila risasi, kila kopo la nyama, kila gunia la unga, lilipanda juu ya kichwa cha mtu. Waingereza peke yao walitumia wachukuzi wapata milioni moja katika vita hivi vya Afrika ya Mashariki.

Wachukuzi walipotakiwa Unguja, Askofu Frank hakuridhika kuwaombea tu. Alijitoa kuwakusanya na kuwaongoza yeye mwenyewe, akapewa cheo cha meja. Kwa mawazo ya watu wa leo ni ajabu kumwona Askofu katika jeshi, na wako watakaosema kwamba haikufaa. Sisi twaona kwamba aliwaza hivi: watu hawa watakwenda, kwa hiari au kwa nguvu, basi heri aende nao mtu anayejua majina yao na lugha yao, atakayeuliza kama wamekula. Bagamoyo ilipotwaliwa katikati ya Agosti, 1916, alivuka na wachukuzi wake, wapata 600, wakashika njia ya pwani kwenda Dar es Salaam. Njia ile ni ya mchanga na ya mikoko, na jua la Agosti mwajua lilivyo. Yeye alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu, naye alikwenda kwa miguu kama wao.

Mji ulisalimu amri tarehe 4 Septemba, 1916. Upande wa Kivukoni yalikuwapo makanisa mawili tuyajuayo mpaka leo, lile la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania, yote mawili yamejengwa na Wadachi. Askari walitazama bandari na nyumba za serikali, maana hizo ndizo zilizopiganiwa. Wachukuzi walitua mizigo.

Lakini vita havikwisha hapo. Viliendelea kusini miaka miwili tena, na katika miaka hiyo ndipo wachukuzi walipokufa wengi. Kwa hesabu zilizoandikwa, waliokufa upande wa Waingereza wanapita 90,000. Si risasi iliyowaua, bali kuhara, kichomi, malaria na uchovu. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, hawana kuni wala wakati wa kuupika sawasawa, nao ukawakata matumbo. Mizigo ilihesabiwa, ikatiwa katika vitabu. Wachukuzi wengi majina yao yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa, na kwa sababu hiyo ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao. Katika mji wetu iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka wa 1927, imeshika bunduki yake. Wachukuzi wametajwa katika maandishi yaliyo chini yake, lakini mwenye mzigo hakuchongwa. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la soko.

Vita vilipokuwa vikielekea mwisho, katika mwaka wa 1918, Askofu Frank alitoa barua ya wazi kwa Jenerali Smuts juu ya ukatili wa utawala wa Wadachi, fimbo zao na kazi zao za nguvu. Waingereza waliisoma kwa furaha. Haikuwa vigumu kufurahi, kwa maana aliyelaumiwa alikuwa adui, na nchi yake ilikuwa ikitakiwa.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Huko Kenya, Oktoba 1919, Gavana Northey alitoa waraka kwa maofisa wake kwamba wawahimize wenyeji watoke kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto katika mashamba yaliyo karibu. Kila mtu alifahamu kwamba himizo la ofisa mbele ya jumbe ni amri. Tena sheria ya mwaka wa 1920 iliruhusu serikali kuwatumikisha watu kwa nguvu, kwa malipo, hata siku 60 katika mwaka. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walilalamika juu ya mateso yaliyoweza kutokea, wakataka ziwepo sheria za kuwalinda watu; lakini kazi ya lazima yenyewe hawakuikataa wakati ule. Askofu wa Unguja aliikataa kabisa. Akaandika kitabu kidogo, mwaka wa 1920, na katika anwani yake akawaita Waafrika wa Kenya watumwa wa shamba wa Uingereza. Maneno yale yale aliyowaambia Wadachi sasa aliwaambia watu wa kwao, wala safari hii hawakumpigia makofi. Kwake yeye kahawa na katani za mlowezi hazikuwa sababu ya kumtoa mtu katika nyumba yake na shamba lake; na malipo hayakuligeuza jambo, kwa kuwa mtu asiyeweza kukataa hakuuza kazi yake, amenyang'anywa.

Alikuwa London mwaka ule kwa mkutano wa maaskofu wa Lambeth, akaitumia nafasi hiyo kuwasumbua wakubwa. Wengine pia walifanya kazi katika neno hili, wala hatusemi alilimaliza peke yake. Mwezi wa Septemba, 1921, waziri wa makoloni, Winston Churchill, aliamuru kwamba maofisa wa serikali wasiwatafutie walowezi wafanya kazi. Kazi ya nguvu kwa serikali yenyewe ilibaki.

Alirudi London tena katika mwaka wa 1923 kuongoza mkutano mkubwa wa Wakristo waliopenda ibada za fahari, altare zenye mishumaa na Sakramenti kuwekwa katika tabernakulo. Mambo hayo yeye mwenyewe aliyapenda na kuyapigania. Lakini aliwaambia wasijidanganye: Kristo wanayemwabudu altareni wakatoke nje wamtafute katika wenye nguo zilizoraruka, katika wanaofanyishwa kazi kwa jasho bila haki, katika waliopoteza tumaini. Waliomsikiliza walikuwa wengi, na wengi wao wenye mali.

Hakuishi sana baada ya hapo. Alirudi Afrika, na katika mwaka wa 1924, akiwa Hegongo huko Magila, jipu lilimtia sumu katika damu. Alifariki tarehe 2 Novemba, siku ambayo Kanisa huwaombea marehemu wote, wanaojulikana majina na wasiojulikana. Umri wake ulikuwa miaka 53.

Mwaka uliofuata chuo chake cha Kiungani kilihamishwa kuja bara, kikawekwa Minaki, karibu na Kisarawe, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Kariakoo. Walimu wa kwanza wa Minaki walikuwamo waliofundishwa naye.