Shahada Iliyomrudisha Darasani

Husikika mara kwa mara, maofisini na hata barazani, kwamba kijana anayekwenda kusomea historia, uchumi au elimu ya jamii ili awe mwalimu amefanya hivyo kwa kuwa sayansi imemshinda. Fikra hiyo ina madhara, maana anayeiamini huenda ndiye anayegawa vipindi, na somo la uraia hukabidhiwa mwalimu yeyote ambaye saa zake hazijajaa. Leo tunapenda kuirudia safari ya masomo ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, kwani wengi wetu tunaijua siasa yake lakini tumeusahau ualimu wake.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alianza skuli ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akafaulu kuingia skuli ya serikali ya Tabora, na kutoka 1943 hadi 1945 alisomea ualimu Makerere, Uganda. Aliporejea alisomesha bayolojia na historia katika skuli ya Mtakatifu Maria, Tabora, na nje ya saa za kazi aliwafundisha watu wazima wa mji huo Kiingereza bila ya malipo. Kwa muda aliifanyia serikali kazi ya kukagua bei madukani, akaiacha alipoona kwamba taarifa zake za udanganyifu hazishughulikiwi. Kwa maoni yetu, kazi ile ilimwonyesha jambo ambalo maabara haiwezi kulieleza: kwamba amri inaweza kuandikwa vizuri na mnyonge bado akapunjwa.

Mwaka 1949 alikwenda Uskoti. Alianza kwa mafunzo mafupi ya fizikia na kemia, lakini mwezi wa Oktoba aliingia kitivo cha sanaa cha Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, na elimu ya binadamu na jamii zao; wa pili, historia ya uchumi na historia ya Uingereza; wa tatu, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alama zake hazikuwa za kushangaza, lakini alifaulu masomo yote, na mwezi wa Julai 1952 akapata shahada. Kabla ya kurejea nyumbani alikaa kwa muda Uingereza akiangalia jinsi skuli na vyuo vya huko vinavyoendeshwa.

Tuzingatie hapo. Mtu huyo, ambaye shahada yake ilikuwa adimu mno katika Tanganyika ya wakati ule, alirudi darasani. Mwaka 1953 alianza kusomesha historia Pugu, karibu na Dar es Salaam, katika zama ambazo ngazi za mishahara zilimweka Mwafrika chini ya Mzungu hata pale shahada zao zilipolingana. Mwaka huo huo alichaguliwa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Mwaka 1955, baada ya safari yake ya Umoja wa Mataifa, ilimbidi achague baina ya darasa na chama. Akajiuzulu ualimu.

Lakini darasa halikumtoka. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961 ili viongozi na wananchi wapate elimu ya uchumi, historia na siasa. Leo chuo hicho chenye jina lake kina tawi Bububu, hapa Unguja. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alizihoji skuli zinazomtenga mtoto na jamii iliyomlea. Swali hilo lilikuwa la mtawala, lakini lilikuwa pia la mwalimu aliyejifunza kuitazama jamii kama kitabu. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, jina lililobaki vinywani mwa watu lilikuwa lile la kazi yake ya kwanza.

Kusema haya si kudai kwamba kila uamuzi wake ulikuwa sahihi. Sisi wa visiwani tuna mijadala yetu juu ya zama zake, na kujadili ni haki yetu. Lakini mijadala hiyo hiyo inahitaji vijana waliofundishwa historia, katiba na uchumi na walimu wanaovijua. Pasipo hao, hoja hugeuka ushabiki, na ushabiki tunazijua gharama zake.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wakuu wa elimu: somo la uraia lisiwe tena kiraka cha kuzibia ratiba. Apewe aliyelisomea, naye apewe vitabu na heshima. Na kijana aliyekwenda chuoni kusomea jamii yake asione haya. Asiyejua maana haambiwi maana, na kazi ya kuifundisha maana hiyo inataka mtu aliyeandaliwa.