SOCRATES: MZEE ALIYEKATAA

Tuliambiwa kwamba anayetaka nafasi katika kurasa hizi aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu waling'ang'ania wafalme na majemadari. Mimi nikamchagua mzee mmoja Mgiriki mwenye pua bapa, macho ya kutokeza na kitambi, aliyezunguka sokoni pekupeku akiwauliza watu maswali mpaka wakamchoka, wakamuua. Jina lake Socrates.

Alizaliwa katika mji wa Athens yapata mwaka wa 469 K.K. Baba yake, Sophroniscus, inasemekana alikuwa mchonga mawe. Mama yake, Phaenarete, alikuwa mkunga, na Socrates alipenda kujifananisha na mama huyo. Alisema yeye hana elimu ya kumpa mtu. Kazi yake ni kuyasaidia mawazo ya mwenzake yazaliwe, kisha ayakague kama ni mazima. Alimwoa Xanthippe, na alikuwa na wana watatu.

Msidhani alikuwa mtu wa domo tu. Alikuwa askari wa miguu, akapigana Potidaea, Delium na Amphipolis. Kule Potidaea baridi ilikuwa kali hata wenzake wakajiviringisha ngozi miguuni, naye akakanyaga barafu hivyo hivyo bila viatu. Huko ndiko alikomwokoa kijana mmoja wa ukoo mkubwa, Alcibiades, aliyekuwa amejeruhiwa. Likumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Hakuwa na shule wala hakutoza karo (hapo wazazi wetu wangempenda). Rafiki yake Chaerephon alikwenda Delphi kwenye hekalu la mungu Apollo, akauliza kama kuna mtu mwenye hekima kumshinda Socrates. Akajibiwa hakuna. Socrates alishangaa, maana alijijua hajui kitu. Basi akaanza kuwatembelea waliosifiwa kwa hekima: wanasiasa, washairi, mafundi. Ukimwambia wewe ni shujaa, anakuuliza ushujaa ni nini. Ukijibu, anakuuliza tena. Mwishowe unatoka jasho mbele za watu, na vijana waliosimama pembeni wanacheka. Alichogundua ni kwamba wengi hawakujua, tena hawakujua kwamba hawajui. Yeye angalau hilo la pili alilijua.

Aliamini pia kwamba wema ni ujuzi, yaani hakuna atendaye ubaya kwa kupenda. Hutenda kwa sababu hajafahamu lililo jema kweli. Hapo mimi sikubaliani naye sana. Nawajua watu wanaofahamu vizuri kabisa kwamba kunakili katika mtihani ni wizi, na bado wananakili.

Sasa tuje kwenye serikali. Athens ilijitawala kwa kura za raia, nao raia waliopiga kura walikuwa wanaume huru tu. Wanawake, watumwa na wageni hawakuhesabiwa. Maofisa wengi hawakuchaguliwa kwa uwezo bali kwa bahati, na maharagwe ndiyo yaliyotumiwa kupata jina. Socrates aliuliza: ikiwa hakuna anayemtafuta nahodha wa jahazi kwa maharagwe, vipi mji mzima? Swali hilo halikumpa marafiki wengi.

Hata hivyo, zamu yake ilipofika alihudumu. Mwaka wa 406 K.K. alikuwa mmoja wa wajumbe wa Baraza la watu 500, na kundi lake ndilo lililosimamia mikutano. Mwaka huo wanamaji wa Athens waliwashinda Wasparta katika vita vya Arginusae, lakini dhoruba ikazuia kuwaokoa mabaharia waliokuwa wakizama. Wananchi wakawaka hasira. Majemadari sita waliorudi nyumbani wakashtakiwa, na ikatakiwa wote wahukumiwe kwa kura moja, ilhali sheria ilitaka kila mmoja asikizwe peke yake. Wasimamizi wengine walipinga kidogo, wakatishwa, wakanywea. Socrates peke yake akakataa. Umati ukapiga kelele, wengine wakataka naye ashtakiwe. Akakataa tu. Majemadari sita waliuawa, na baadaye watu wa Athens wakajuta.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi kuliko vingine vyote. Aliye sekondari anajua jinsi darasa zima linavyopiga meza likitaka mgomo, na anayeuliza swali moja tu anaitwa msaliti. Kule haikuwa darasa la watu arobaini na kitu, ilikuwa maelfu ya watu wazima, na walichotaka ni damu.

Labda utasema, basi mzee huyu aliwachukia wananchi wa kawaida, akawapenda madikteta. Hebu ngoja. Mwaka wa 404 K.K. Athens ilishindwa na Sparta, na watu 30 wakashika utawala. Kiongozi wao mmoja, Critias, aliwahi kuwa mfuasi wa Socrates mwenyewe. Hawa walikuwa wakatili, waliua na kunyang'anya mali. Siku moja wakamwita Socrates pamoja na wengine wanne, wakawaamuru waende Salamis wakamlete mtu aitwaye Leon ili auawe. Wale wanne wakaenda kumleta. Socrates akaenda zake nyumbani. Utawala huo usingeanguka mwaka uliofuata, huenda angekufa kwa hilo.

Demokrasia ilirudi, lakini chuki haikuisha. Alcibiades, yule aliyeokolewa Potidaea, aliwahi kuhamia kwa maadui. Critias alimwaga damu. Wote wawili walikuwa wamemfuata Socrates. Tena tangu mwaka wa 423 K.K. mchezo wa kuchekesha wa Aristophanes ulikuwa umemwonyesha jukwaani kama mjinga anayening'inia ndani ya kikapu akichungulia jua. Mwaka wa 399 K.K., akiwa na miaka 70, Meletus, Anytus na Lycon walimshtaki kwamba haheshimu miungu ya mji na anaharibu vijana.

Waamuzi walikuwa raia wapatao 500. Kama kura 30 hivi zingehama upande, angeachiliwa. Baada ya kupatikana na hatia alitakiwa apendekeze adhabu yake, na hapo, kwa maoni yangu, mzee alizidisha ukaidi: alisema anastahili kulishwa bure na mji kama washindi wa Olimpiki! Baadaye akakubali kutoa faini, Plato na marafiki wengine wakiwa wadhamini. Waamuzi walishakasirika. Wakapiga kura ya kifo.

Kwa kuwa meli takatifu ilikuwa imesafiri kwenda kisiwa cha Delos, hakuna aliyeruhusiwa kunyongwa wala kuuawa mpaka irudi. Akakaa jela karibu mwezi mmoja. Rafiki yake Crito akaja alfajiri kumwambia kila kitu kiko tayari, pesa zipo, atoroke. Akakataa tena.

Hapa ndipo nilipokwama siku nyingi. Aliwakaidi wale 30, mbona asiikaidi mahakama iliyomwonea? Jibu alilompa Crito ni kwamba alikaa Athens miaka 70 kwa hiari yake, akazilelea familia yake chini ya sheria zake, na angeweza kuondoka wakati wowote kama hazimpendezi. Lakini naona kuna jambo jingine. Wale 30 walimtaka atende dhuluma. Mahakama ilimtaka aipokee. La kwanza hakulikubali hata chembe, iwe imeagizwa na umati au na madikteta. La pili alilivumilia. Bado sijui kama mimi ningekubaliana naye nikiwa Crito, nimesimama pale na pesa mkononi.

Meli ilirudi. Alioga ili wanawake wasipate taabu ya kuosha maiti, akawaaga wanawe, akanywa kikombe cha sumu iliyotengenezwa kwa mmea. Akatembeatembea mpaka miguu ikawa mizito, akalala chali. Marafiki walilia, akawakemea. Kisha akamkumbusha Crito kwamba wanadaiwa jogoo wa sadaka kwa Asclepius, mungu wa uponyaji, asisahau kulipa. Plato, mwanafunzi aliyetuandikia mengi ya haya, hakuwepo. Siku hiyo alikuwa mgonjwa.