Fransisko, Mtoto wa Mji wa Kilimani

Sisi wa nyanda za juu za Mbulu hatuhitaji kuelezwa kwa nini watu hukimbilia vilimani. Huko Iraqw'ar Da'aw wazee wetu walichimba nyumba ubavuni mwa mlima, paa la udongo likalingana na ardhi, ili wavamizi wa mifugo wasizitambue kwa urahisi. Watu wa Assisi, katikati ya Italia, walitafuta usalama uleule kwa mawe. Mji wao umeegemea mlima Subasio, nao umejengwa kwa mawe ya mlima huohuo, meupe yenye wekundu hafifu. Katika uwanja wa kati zingali zimesimama nguzo za hekalu la Kirumi, ambalo leo ni kanisa la Bikira Maria. Wageni huusifu uzuri huo, nao wana haki. Lakini ukuta na malango yake ni kazi ya hofu, na hofu hiyo ilikuwa na jina: Perugia, mji jirani wenye nguvu zaidi, unaoonekana kwa macho ng'ambo ya bonde.

Hapo alizaliwa Mtakatifu Fransisko, mwaka 1181 au 1182, mwana wa Pietro di Bernardone, mfanyabiashara wa vitambaa. Mwaka 1198 wenyeji waliibomoa ngome ya wakuu wa Kaisari, kisha wakageukiana wao kwa wao. Baadhi ya makabaila wakakimbilia Perugia, na mwaka 1202 miji hiyo miwili ikapigana huko Collestrada. Assisi ilishindwa. Fransisko, aliyekuwamo vitani, akakaa kifungoni Perugia karibu mwaka mzima.

Chini ya mji, nje kabisa ya malango, waliishi wagonjwa wa ukoma. Fransisko aliwachukia, alipoyaona makao yao kwa mbali aliziba pua. Tusiharakishe kumshangaa. Wazee wetu walikuwa na metimani: aliyefiwa au aliyeharibikiwa mimba alitengwa, asichangamane na majirani mpaka muda wake upite, na wote waliamini kwamba hivyo ndivyo jamii inavyolindwa. Hata hivyo, katika wosia aliouacha mwishoni mwa maisha yake, Fransisko aliuanzia wongofu wake kwa wakoma hao, kwamba Bwana ndiye aliyemwongoza kwenda kwao na kuwahurumia. Msalaba uliosema naye katika kanisa bovu la San Damiano, ambao sisi mapadre tunapenda sana kuuhubiri, hautajwi kabisa katika wosia huo.

Mwaka 1206, mbele ya Askofu Guido, alivua nguo zake akamrudishia baba yake. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kuteremka: makao yake na ya ndugu zake yakawa Porziuncola, kikanisa kidogo kule tambarare. Mwaka 1209 Papa Inosenti III aliwaridhia. Miaka michache baadaye Klara, binti wa kabaila, ambaye jamaa zake walikuwa miongoni mwa waliokimbilia Perugia, aliteremka usiku kujiunga nao. Mwaka 1219, vita vya msalaba vikiendelea Misri, Fransisko alivuka mstari wa vita bila silaha, akamwendea Sultani al-Kamil.

Waamini wengi wanamfahamu zaidi kwa hadithi ya mbwa mwitu wa Gubbio, mji mwingine wa kilimani. Imeandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake, na wala hatuoni sababu ya kugombana juu yake. Watoto hukumbuka mnyama aliyetulia. Wachache hukumbuka kwamba katika mapatano yale wenye mji nao walidaiwa kitu: kumlisha kila siku yule waliyemwogopa.

Fransisko alipokuwa karibu kipofu na mwili umechoka, Askofu na mkuu wa mji wa Assisi waligombana vikali. Askofu alimtenga mwenzake na Kanisa. Mkuu wa mji akapiga marufuku mtu yeyote kumwuzia Askofu kitu au kununua kwake. Hakuna aliyejitokeza kuwapatanisha. Mgonjwa yule akaongeza katika Wimbo wa Viumbe ubeti wa wanaosamehe, akawatuma ndugu zake wakauimbe mbele ya wote wawili, uwanjani pa nyumba ya Askofu. Wakakumbatiana.

Kifo kilipokaribia, mji ulituma watu wenye silaha wamlete nyumbani kwa njia ya kuzunguka, kwa hofu kwamba watu wa Perugia wangemteka ili mwili wake uwe wao. Akalindwa ndani ya kuta, katika nyumba ya Askofu, hadi alipoomba ateremshwe tena Porziuncola. Walipofika kwenye nyumba ya wakoma aliwaomba wachukuzi watue machela, akageuzwa kuuelekea mji ambao macho yake hayakuweza tena kuuona vema, akaubariki. Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Kesho yake watu walimpandisha kilimani, wakapita kwanza San Damiano ili Klara na masista wenzake wamwone, kisha wakaingia naye malangoni.