Walter Dandy, daktari aliyebana mshipa uliovimba ndani ya ubongo

Huenda hujawahi kusikia jina la Walter Dandy. Lakini kama unamjua mtoto wa kichwa kikubwa aliyefanyiwa upasuaji akarudi nyumbani, au mtu mzima aliyepasukiwa na mshipa kichwani akapona, basi umeona matunda ya kazi yake.

Dandy alizaliwa mwaka 1886 katika mji wa Sedalia, jimbo la Missouri, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji, baba akiwa dereva wa treni. Mwaka 1910 alimaliza udaktari katika chuo cha Johns Hopkins mjini Baltimore, akabaki hapo hapo hadi kufa. Bosi wake wa kwanza, Harvey Cushing, daktari maarufu wa upasuaji wa ubongo, alihamia Boston mwaka 1912 na hakumchukua kijana huyu. Wakawa mahasimu kwa miaka mingi.

Akiwa bado kijana, alijiuliza swali ambalo akina mama wa watoto wenye vichwa vikubwa huniuliza mpaka leo: haya maji yanatoka wapi? Mwaka 1913, pamoja na daktari wa watoto Kenneth Blackfan, alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba maji hutengenezwa ndani ya ubongo wenyewe, na njia yake ya kutokea ikiziba, yanajaa na kusukuma. Kwa hiyo, mama, si laana wala si kitu ulichokitazama ukiwa mjamzito. Ni njia iliyoziba. Mwaka 1922 alieleza upasuaji wa kuyafungulia maji njia nyingine. Wazo hilo, likiwa limeboreshwa kwa vifaa vya kisasa, ndilo lililookoa watoto wengi katika hospitali ya Mbale, Uganda, ambako madaktari waligundua kwamba wengi wao walipata tatizo baada ya maambukizi wakiwa wachanga. Ukiona utosi umejaa, kichwa kinakua haraka kuliko mwili, au macho yanaelekea chini muda wote, usisubiri tarehe ya kliniki.

Wakati huo hakukuwa na CT scan. Mwaka 1918 Dandy alibuni njia ya kuingiza hewa kwenye vyumba vya maji vya ubongo kisha kupiga eksirei, ili vyumba vionekane. Ilikuwa njia ngumu kwa mgonjwa, yenye maumivu na hatari, lakini kwa mara ya kwanza daktari aliona ndani kabla ya kupasua.

Sasa tuje kwenye mshipa. Fikiria tairi la baiskeli: pale raba ilipochoka, tyubu hutokeza kama kipuvu. Mshipa wa damu wa ubongo nao unaweza kudhoofika sehemu moja ukatokeza hivyo, na kila pigo la moyo linasukuma. Wengi wanaishi nacho bila kujua na hakipasuki kamwe. Kikipasuka, damu inamwagika kuzunguka ubongo, na hapo ni suala la uhai.

Kabla ya Dandy, madaktari wachache walijaribu kufunga mshipa mkubwa shingoni ili kupunguza nguvu ya damu. Mwaka 1931 Norman Dott, kule Edinburgh, alifungua kichwa na kukizungushia kipuvu kipande cha msuli. Tarehe 23 Machi 1937 Dandy alikwenda mbali zaidi. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 43, kope la jicho moja limelegea. Dandy alifika kwenye kipuvu, akabana shingo yake kwa kibanio kidogo cha madini ya fedha, damu ikaendelea kupita kwenye mshipa wenyewe. Mgonjwa alipona.

Hilo kope si jambo dogo. Kope moja likilegea ghafla na mboni yake ikawa kubwa, inawezekana kipuvu kinagandamiza neva ya jicho. Dalili nyingine ni maumivu ya kichwa yanayolipuka mara moja, makali kuliko yote aliyowahi kupata, shingo kukakamaa, kutapika, kuzimia au kupata degedege. Mpeleke hospitali saa ile ile. Usimpe aspirini, kwa sababu inazuia damu kuganda. Kama hajitambui, mlaze kwa ubavu na usimpe kitu mdomoni. Kwa mjamzito, kichwa kikali ni dalili ya hatari hata kama chanzo ni presha tu. Presha na sigara, kwa njia, ndizo zinazoongeza hatari ya kipuvu kupasuka, na zote mbili tunaweza kuzishughulikia kwenye zahanati.

Dandy hakuwa mtu mpole. Wasaidizi wake walimwogopa kwa hasira zake ndani ya chumba cha upasuaji. Lakini ndiye huyo huyo aliyetenga, mwaka 1923, vitanda vitatu vya wagonjwa waliotoka kupasuliwa ubongo, wakiangaliwa na wauguzi usiku na mchana. Mimi muuguzi, hilo nalipenda kuliko kibanio.

Mwaka 1944 alichapisha kitabu kizima kuhusu mishipa iliyovimba kichwani. Alifariki Aprili 1946 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 60. Vibanio bado vinatumika, sasa kwa madini bora zaidi. Tangu miaka ya 1990 kuna njia nyingine pia: daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa pajani hadi kichwani, akakijaza kipuvu nyaya laini za platinamu bila kufungua fuvu.