Mtoto wa Dereva wa Gari la Farasi Aliyewasha Moto Bila Kiberiti

Buda, kama ulidropu kolej na mathe bado hajakusamehe, kaa hapa dakika mbili.

Johann Wolfgang Döbereiner alizaliwa Ujerumani 1780. Fathe yake alikuwa dereva wa gari la farasi, so karo ya chuo sahau. Akapelekwa duka la dawa kujifunza kazi, na kemia akaishikia hapo hapo. Akafungua biashara yake, ikaanguka. 1810 ako na familia na kazi hana.

Sasa skia. Duke Carl August wa Weimar alikuwa anatafuta profesa wa kemia wa Chuo cha Jena, na kazi akapewa Döbereiner. Digrii? Zii. Lakini maandishi yake ya kemia yalikuwa yamesomwa na wasee wanaojua. Hata Goethe, yule mshairi, akawa beshte yake.

1823 ndio ngoma yenyewe. Humphry Davy wa Uingereza alikuwa ameonyesha kuwa waya wa platini hung'aa ndani ya gesi, ila lazima uupashe moto kwanza. Döbereiner akatumia platini yenye vitundu vitundu kama sponji. Akaipulizia haidrojeni, sponji ikiwa baridi kabisa. Moto ukashika!

Mbona? Shughuli hufanyika juu ya uso wa platini, pale haidrojeni hukutana na oksijeni. Fikiria kiazi: kizima kinakaa kwa mafuta milele, lakini kikatwe chipsi, mafuta yanagusa kila upande. Sponji ni hivyo. Na platini yenyewe haiishi, ndio maana inaitwa kichocheo.

Akatengeneza taa ya mezani: zinki ndani ya asidi inatoa haidrojeni, inapulizia sponji, moto huo. Kiberiti cha kukwaruza hakikuwa hata kimefika sokoni. Watu wakainunua Ulaya nzima, lakini jamaa hakuchukua hataza. Chapaa ikaenda kwa wengine. Manze, mimi ningelia.

Akiwa bado hai, William Grove wa Wales akatumia platini kutoa stima kwa haidrojeni na oksijeni, bila kuzichoma. Hiyo ndiyo seli ya fueli, ile inaendesha magari ya haidrojeni leo. Döbereiner alikufa Jena 1849. Ndani ya magari hayo platini imesagwa hadi chembe za nanomita chache, zikabandikwa juu ya kaboni, juu ya hesabu ile ile ya chipsi. Na bado ni ghali, so maabara zinakuna kichwa vile zitatumia kidogo zaidi.