MAIA CARBERRY, RUBANI WA NYERI

Sisi watu wa Pwani twajua kuhesabu vilivyoletwa na bahari: tende, mazulia, vyombo vya China. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1926 ndege ya mbao na kitambaa iliyopitia bandari ya Mombasa ilifika Nyeri, ikaunganishwa huko. Mwenyewe alikuwa John Carberry, mlowezi wa shamba la Seremai. Ndiyo iliyokuja kuwa ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya.

Mkewe, Maia, alizaliwa mwaka 1904, akaolewa 1922, na binti yao Juanita akazaliwa 1925. Bibi huyu hakuridhika kutazama tu. Alijifunza urubani wakati ambapo wanawake warubani walikuwa wa kuhesabika duniani.

Nimepata kukaa Mweiga, si mbali na mji wa Nyeri, nikitazama ndege ndogo zikiruka. Nchi ile iko futi zaidi ya 6,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na ndege hutaka mwendo mkubwa zaidi ndipo mabawa yaibebe.

Nahodha ataelewa. Akielekeza omo mno upepo unakotoka, tanga hupigapiga na chombo hupoteza nguvu. Vivyo hivyo rubani akiinua pua kupita kiasi, bawa hukosa kubeba, hata injini ikinguruma. Lakini dau hubaki juu ya maji, ndege huanguka. Bawa moja likitangulia kukosa upepo, ndege huzunguka kama pia. Dawa yake ni kukanyaga usukani wa upande wa pili, kushusha pua na kuacha mwendo urudi. Dawa hiyo hutaka nafasi ya anga chini ya ndege.

Nafasi hiyo Maia hakuipata. Tarehe 12 Machi 1928, katika kiwanja cha Ngong Road, Nairobi, aliruka na kijana Dudley Cowie katika ndege aina ya Moth. Ndege ikazunguka, ardhi ikawa karibu mno, na wote wawili wakafa. Maia hakuwa ametimiza miaka 25, na Juanita hakuwa ametimiza mitatu. Hospitali moja ndogo ya Nairobi ilipewa jina la Maia kwa ukumbusho.

Siku hizi wapo wanaonunua ndege ya vipande na kuiunganisha wenyewe nyumbani. Kwao nasema, ndugu zangu, jambo wanalolijua mabaharia wetu: pangeni farumi kwanza. Uzito ukizidi nyuma, pua hupenda kuinuka, na ndege ikianza kuzunguka ni taabu kuitoa. Pimeni uzito chini kabla ya kuruka, na mazoezi ya kupunguza mwendo yafanyeni juu sana, pamoja na mwalimu. Maia alikuwa na ujuzi na ushujaa. Alichokosa siku ile ni futi chache za anga.